Ukitaka kuchora mchimbaji, anza na mifupa yake

Asubuhi moja, simama kidogo kando ya barabara ya Rutshuru na uangalie watu wa chukudu. Yule anayeshuka kutoka Kibumba na mifuko ya viazi anaenda karibu bure: goti moja liko juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini mara mojamoja, basi. Lakini yule anayepanda ni habari nyingine. Anasukuma. Kichwa kimeingia kati ya mikono miwili, mgongo umelala karibu kama meza, mguu wa nyuma umenyooka kuanzia nyonga mpaka vidole. Ukiondoa chukudu mbele yake, ataanguka kifudifudi palepale.

Sasa mpe mtoto wako kreyo na karatasi, umwombe akuchoree mtu huyo. Mara nyingi atachora kichwa cha duara, mwili wima kama mlango, mikono miwili kama vijiti. Chukudu yenyewe itakuwa nzuri sana, hata mpira wa gurudumu utakuwa mahali pake. Ila mtu hasukumi. Amesimama tu, kama anapigwa picha. Na baba akirudi kutoka karieri, ataangalia karatasi na kucheka: « Uyu mutu haiko na mugongo! »

Baba amesema kweli kuliko anavyodhani. Picha ya mtu anayefanya kazi haiwezi kuwa ya kweli kama ndani yake hakuna mifupa. Si mifupa ya kuonekana. Ni ile ambayo mchoraji anaijua, hata kama ameifunika na ngozi, na shati, na koti lililochakaa. Vijana wengi hapa Goma wanajua kuchora. Wanachora mbao za maduka, sura za wanamuziki, picha za kuweka ukutani. Sura inatoka vizuri. Tatizo linaanza chini ya shingo. Na dawa yake ni ya zamani, haiombi pesa nyingi: kujifunza namna mwili umejengwa.

Masanduku matatu na mnyororo mmoja

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Usiogope. Mchoraji hatapewa mtihani wa udaktari. Kwa kuanza inafaa ajue vitu vinne tu: fuvu la kichwa, kifua na jozi zake 12 za mbavu, nyonga, na uti wa mgongo unaounganisha vyote hivyo. Fikiria masanduku matatu yaliyofungwa juu ya mnyororo mmoja. Sanduku halipindi. Kinachopinda ni mnyororo. Mtoto anayechora mwili kama mlango amefanya masanduku matatu kuwa moja, ndiyo sababu mtu wake hawezi kuinama hata akiambiwa.

Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi, hapo ulipo. Simama, weka uzito wote juu ya mguu wa kuume, mguu wa kushoto ulegee. Weka mikono juu ya mifupa ya nyonga. Utaona upande wa kuume umepanda, wa kushoto umeshuka. Halafu angalia mabega: bega la kuume limeshuka kidogo, la kushoto limepanda. Mistari hiyo miwili, wa mabega na wa nyonga, inaegemea pande tofauti. Wachongaji wa Ugiriki walilijua jambo hilo zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Lakini pia kila mchimbaji anayepumzika mbele ya shimo, akiegemea koleo lake, analifanya bila kufundishwa na mtu.

Sasa ongeza mzigo. Hapa kuna sheria moja ambayo haina huruma: uzito wa mtu pamoja na uzito wa mzigo wake, ukijumlishwa, lazima uangukie juu ya miguu yake. La sivyo, mtu anaanguka. Ukimwekea mtu mfuko wa kilo 50 mgongoni, uzito unavutwa nyuma. Afanye nini? Anainama mbele mpaka uzito urudi juu ya miguu. Mfuko ukiwa mzito zaidi, anainama zaidi. Kwa hiyo ukichora mtu amenyooka wima na mfuko mkubwa mgongoni, macho ya msomaji yatasema palepale kwamba mfuko umejaa manyoya ya kuku. Huhitaji kuandika kilo ngapi. Mgongo wenyewe ndio mizani.

Angalia tena kina mama wetu. Mama anayebeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso anavutwa kichwa kwenda nyuma, naye anakirudisha mbele kwa nguvu. Kidevu kinashuka, na kwenye shingo unaona msuli umesimama kama kamba, kutoka nyuma ya sikio mpaka katikati ya mitulinga. Mama anayebeba beseni juu ya kichwa ni kinyume: shingo imenyooka, uti wa mgongo umesimama, mzigo uko wima juu ya miguu. Wote wawili wanaweza kuwa na kilo sawasawa, lakini ni michoro miwili tofauti kabisa. Anayewachora namna moja hajaangalia bado.

Fundi wa nguo anajua

Kisha kuna vipimo. Fundi wa cherehani anavijua vingi, juu shati ambalo halikupimwa halivaliki. Mtu mzima, kwa wastani, urefu wake ni kama vichwa vyake saba na nusu. Mtoto mchanga ni kama vinne tu, ndiyo maana ukichora mtoto kwa vipimo vya mtu mkubwa anatoka kama mzee aliyepungua. Macho hayako juu ya kichwa kama wengi wanavyoyaweka. Yako katikati kabisa, nusu ya njia kati ya utosi na kidevu. Kiganja kilichofunguliwa pamoja na vidole kinafunika uso kuanzia kidevu karibu kufika mahali nywele zinaanzia. Nyoosha mikono yote miwili kando: kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole ni karibu sawa na urefu wako. Kiwiko kinafika kiunoni. Ncha za vidole zinafika katikati ya paja.

Vipimo hivi si amri ya Mungu. Kuna watu warefu, wafupi, wenye miguu mirefu, wenye kifua kipana. Vinasaidia tu kuona mtu huyu ametoka wapi kwenye kawaida. Ukijua kiwiko kinafika kiunoni, utashtuka ukikuta mzee ambaye viwiko vyake vimeshuka chini ya kiuno, na utajiuliza kwa nini. Pengine mgongo umejipinda, mwili umefupika. Na pengine miaka yake ya kubeba ndiyo imefanya hivyo.

Kiunzi cha mifupa kilichoegemea koleo

Elimu hii ilitoka wapi? Kwa Ulaya, sehemu kubwa ilitoka kwa wafu. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, alisema mwenyewe kwamba amepasua maiti zaidi ya 30, akichora kila msuli na kila kano aliyoikuta. Nyuma yake alikuja daktari Andreas Vesalius, aliyezaliwa Bruxelles mwaka 1514. Mwaka 1543 Vesalius alitoa kitabu kikubwa juu ya mwili wa mtu, chenye picha zilizoshangaza ulimwengu. Mifupa haikulala mezani. Ilisimama nje, shambani, kama watu walio hai. Kiunzi kimoja kimeegemea koleo, kichwa kikiangalia juu, kama mtu aliyechimba tangu asubuhi na sasa anavuta pumzi. Mchimbaji yeyote atamtambua huyo ndugu.

Miili iliyopasuliwa wakati ule ilikuwa mara nyingi ya watu waliohukumiwa kifo, watu ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wake. Goma imezika watu wengi mno, na mtu wetu aliyekufa anastahili kulala kwa heshima. Kwa hiyo tuseme wazi: kijana anayetaka kujifunza mwili kwa ajili ya kuchora hahitaji maiti. Wale wa zamani walishafanya kazi hiyo, picha zao ziko kwenye vitabu, na hata kitabu cha biolojia cha shule ya sekondari kina kiunzi cha mifupa cha kutosha kuanza. Vingine vyote viko mbele yetu, vikitembea barabarani.

Mhubiri aliyeshuka shimoni

Katika Ubelgiji hiyohiyo ya Vesalius, zaidi ya miaka 300 baadaye, kulikuwa na bonde la makaa ya mawe lililoitwa Borinage. Mwezi wa Desemba 1878 alifika huko kijana Mholanzi wa miaka 25 kuwahubiria wachimbaji Neno la Mungu. Aliitwa Vincent van Gogh. Mwezi wa Aprili 1879 alishuka nao kwenye shimo la Marcasse, mita 700 chini ya ardhi, akaona watu wakifanya kazi kwenye vijia vyembamba, wengine wamelala, kwa mwanga wa taa ndogo. Aligawa nguo zake, akaishi kimaskini kama wao. Wakubwa wa dini hawakufurahi, na mwaka huohuo hawakumwongezea kazi.

Akabaki pale bila kazi. Ndipo, mwaka 1880, akaamua kuwa mchoraji, na watu wa kwanza aliotaka kuchora walikuwa hao hao wachimbaji na wake zao. Alikuwa na upendo wa kutosha. Kitu alichokosa ni mifupa! Michoro yake ya kwanza ina watu wagumu kama vinyago. Naye hakujidanganya. Alichukua kitabu cha mazoezi cha Charles Bargue akakinakili karatasi baada ya karatasi. Kisha akahamia Bruxelles, akatafuta kitabu cha anatomia kilichotengenezwa kwa ajili ya wachoraji, akachora kiunzi cha mifupa na misuli kwenye karatasi kubwakubwa, kichwa, mgongo, mkono, mguu. Mwaka 1881, kwao Uholanzi, alimchora mchimbaji wa shamba mwenye koleo mara tano, kila mara katika mkao mwingine. Mara tano, mtu mmoja, kazi moja.

Mwaka 1882 alichora wake wa wachimbaji wakibeba magunia ya makaa. Wanawake wameinama sana, gunia liko juu ya mgongo na kichwa, nyuso karibu hazionekani. Lakini hakuna atakayeuliza kama magunia yale ni mazito. Migongo inajibu.

Na kuna funzo la pili, ambalo si dogo. Mwaka 1885 Van Gogh alimwandikia ndugu yake Theo juu ya wachoraji wa chuo ambao watu wao wamepimwa vizuri, kila msuli mahali pake, na bado hawafanyi kazi. Kwake, mchimbaji wa kwenye picha lazima achimbe. Akiwa sahihi kwa vipimo lakini hachimbi, ni bure. Basi yule aliyehangaika na kitabu cha mifupa ndiye pia aliyeonya kwamba mifupa peke yake haitoshi. Anatomia ni kama ngazi ya kushukia shimoni. Bila ngazi hushuki, lakini hakuna anayeshuka kwa ajili ya kuangalia ngazi.

Na sisi Wakongomani?

Kuna atakayesema: « Ayo ni mambo ya Bazungu. » Swali hilo si geni katika nchi yetu, na liliwahi kugawanya shule zetu za sanaa. Mwaka 1943 mtawa Marc Wallenda, Frère Marc-Stanislas, alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi. Baadaye ikahamia Kinshasa na kuwa Académie des Beaux-Arts. Huko mwanafunzi alifundishwa kwa njia ya Ulaya: umbo, vipimo, kuangalia mwili. Lakini Lubumbashi, ambayo wakati ule iliitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana iliyoitwa Le Hangar, akakataa njia hiyo. Hakutaka wanafunzi wake wanakili mifano ya Ulaya. Aliwaacha wachore kutoka kumbukumbu na mawazo yao. Kwake walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, na ndege na samaki wa Pilipili wanapendwa mpaka leo bila ya mtu kuwahesabia mifupa.

Hata kabla ya shule zote hizo, wachongaji wa Waluba walichonga viti vinavyobebwa na mwanamke, kichwa na mikono vikishikilia mahali pa kukalia. Kichwa chake ni kikubwa kupita vipimo vya fundi wa nguo, juu kichwa ndicho chenye heshima. Mchongaji hakukosea. Alijua mwili, akachagua. Na uangalie vizuri namna uzito unavyoshuka: kutoka kwenye kiti, kupitia viganja na kichwa, mpaka chini. Yule mama anabeba kweli.

Kwa hiyo jibu si kuchagua kati ya Ulaya na sisi. Kijana anayechora ndege wa ndotoni aendelee, hana deni. Lakini anayetaka kuonyesha baba yake akitoka shimoni, au anayetaka kufanya bédé, atahitaji kuugeuza mwili pande zote. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, amechora vitabu vizima vya bédé, kama kile cha *Madame Livingstone* juu ya vita vya ziwa Tanganyika. Katika kazi kama hiyo mtu mmoja anarudi mara mia: kwa mbele, kwa nyuma, akikimbia, akiwa amelala. Anayejua sura peke yake atashindwa kwenye ukurasa wa pili.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wazazi wengi wanaona kuchora ni kupoteza wakati. « Utakula karatasi? » wanauliza. Tuwaelewe, kwani karo ya shule haingoji. Lakini fikirieni kidogo. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga ambaye hakutoka kwenye chuo kikubwa, alichora katika miaka ya 1970 historia yote ya nchi, na ndani yake wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kupigwa risasi Lubumbashi, Desemba 1941. Wajukuu wa watu wale wanaweza leo kuonyesha picha na kusema: waliona hivi. Wachimbaji wangapi wa Rubaya, wa Walikale, wa Masisi, wataacha hata picha moja ya kazi yao? Madini yanaondoka, yanaingia ndani ya telefone za dunia nzima. Mgongo ulioyatoa haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Basi hii ni kazi ambayo familia inaweza kuianza bila kungoja mtu. Karatasi: mfuko wa sima uliopasuliwa vizuri unatosha, upande wa ndani. Kreyo: chukua makala ya jikoni, kipande chembamba. Wachoraji wakubwa wa Ulaya walitumia makala kama hiyo. Mfano: baba, mama, au yaya, dakika kumi tu, Jumapili baada ya misa. Mwanangu, kabla ya sura, vuta mstari mmoja wa mgongo kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga. Weka masanduku matatu. Tafuta mguu unaobeba. Vuta mstari wa mabega na wa nyonga. Nguo zitakuja mwisho. Ukikwama, amka wewe mwenyewe, kaa katika mkao uleule, usikilize ni wapi panauma. Hapo ndipo misuli inafanya kazi.

Wiki inayofuata chora mkono. Una mifupa 27, na ndio sehemu ngumu kuliko zote. Mwombe baba aushike wazi juu ya goti lake. Usirekebishe kidole kilichopinda wala ukucha ulioanguka.

Na wewe baba, ukiombwa kukaa dakika kumi, kaa. Pengine mtoto ataangalia vipimo vyake, ataangalia tena, kisha atauliza: « Papa, juu ya nini bega yako moja iko chini kupita ingine? » Usimwambie amekosea. Mweleze umebeba nini, wapi, na kwa miaka mingapi. Kisha mwache amalize kuchora.